Umelipia Mbps 80, PS4 Inapokea Ngapi?

Kupandisha intaneti ya nyumbani kutoka Mbps 30 hadi Mbps 80 ni Sh2,199 zaidi kila mwezi. Hiyo ni kwa vifurushi ambavyo Safaricom ilitangaza Septemba 2024: Mbps 15 kwa Sh2,999, Mbps 30 kwa Sh4,100 na Mbps 80 kwa Sh6,299. Kwa mwaka, nyongeza inafika Sh26,388. Mtoto akilalamika kwamba gemu haimalizi kupakuliwa kwenye PS4, wazazi wengi hukimbilia dawa hiyo. Tatizo ni kwamba kasi unayoilipia hufika kwenye ruta. Kutoka ruta hadi PS4 kuna safari nyingine, nayo haimo kwenye ankara.

Biti 8, baiti 1

Kampuni huuza kasi kwa megabiti kwa sekunde, lakini gemu hupimwa kwa gigabaiti. Baiti moja ni biti 8. Kwa hiyo Mbps 80 ni megabaiti 10 kwa sekunde, na Mbps 15 hazifiki hata megabaiti 2. Chukua gemu ya GB 50, ambao ndio ujazo wa diski moja ya Blu-ray yenye tabaka mbili. Laini ikiwa haina mtumiaji mwingine, itapakuliwa kwa muda huu:

Mbps 80: saa 1 na dakika 23
Mbps 30: saa 3 na dakika 42
Mbps 15: saa 7 na dakika 24
Mbps 12: saa 9 na dakika 15
Mbps 5: saa 22 na dakika 13

Gemu kama Red Dead Redemption 2, iliyouzwa kwa diski mbili, hukaribia GB 100. Hapo zidisha kila muda mara mbili.

Pima mahali patatu

Kabla ya kupiga simu kwa kampuni, pata namba tatu. Ya kwanza: simama na simu mita moja au mbili kutoka kwenye ruta, upime kasi. Ya pili: ipeleke simu hiyo hadi ilipo PS4, uiweke kwenye mtandao uleule wa GHz 2.4 au GHz 5 ambao PS4 inautumia, upime tena. Ya tatu: kwenye PS4 yenyewe fungua mipangilio, ingia sehemu ya mtandao, chagua jaribio la muunganisho wa intaneti. Mistari itajitokeza mmoja baada ya mwingine: anwani ya IP, kuingia kwenye PlayStation Network, aina ya NAT, kasi ya kupakua na kasi ya kupakia. Andika kasi ya kupakua.

Namba ya kwanza ikiwa chini sana ya kifurushi hata simu ikiwa kwenye GHz 5, lawama ni ya laini au ya ruta, na una haki ya kuidai kampuni. Ya kwanza ikiwa nzuri na ya pili mbaya, mawimbi yanapotelea kwenye kuta na umbali. Mbili za kwanza zikiwa nzuri na ya tatu mbaya, shida iko ndani ya PS4. Tuseme umepata 75, 40 na 12. Mwenye namba hizo akipanda hadi kifurushi cha juu zaidi, atapanda kwenye ankara tu.

Redio ya mwaka 2013

PS4 ya kwanza ilitoka mwaka 2013 ikiwa na redio ya GHz 2.4 peke yake. Uigeuze usome kibandiko: namba ya modeli ikianza na CUH-1, ndiyo hiyo. Toleo jembamba na PS4 Pro, yote ya mwaka 2016, yana GHz 5 pia. PS5 ya mwaka 2020 ina Wi-Fi 6.

Masafa ya GHz 2.4 yana upana wa MHz 83.5 tu. Chaneli moja ya Wi-Fi hula MHz 20 hivi, kwa hiyo chaneli zisizogongana ni tatu: 1, 6 na 11. Katika jengo la ghorofa lenye ruta 20, chaneli hizo tatu ndizo zinazogawanywa na nyumba zote. Tanuri la maikrowevu linafanya kazi kwenye GHz 2.45, na hata kidhibiti cha PS4 huzungumza kwa Bluetooth kwenye masafa hayohayo. Kwa antena moja na chaneli ya MHz 20, kikomo cha 802.11n, kiwango cha Wi-Fi ambacho PS4 hiyo hutumia, ni Mbps 72.2 kwenye karatasi. Vifaa hutuma kwa zamu na kila kundi la data husubiri jibu, hivyo kinachobaki mkononi ni kama nusu, hata kabla ya jirani kuwasha ruta yake.

GHz 5 ina nafasi zaidi, ila huchoka haraka ikikutana na ukuta wa mawe. Ruta ikiwa sebuleni na PS4 chumba cha tatu, GHz 5 inaweza kushindwa na GHz 2.4.

Waya wa mara moja

Kila PS4 ina tundu la waya la Gbps 1. Waya wa Cat5e hubeba Gbps 1 hadi mita 100, umbali ambao nyumba chache zinao. Hata ukiuziwa waya wa mita 15 kwa Sh2,000, umelipa mara moja, tena chini ya nyongeza ya mwezi mmoja ya kile kifurushi. Kwenye nyumba yetu ya namba 75, 40 na 12, waya unaweza kuitoa PS4 kwenye 12 na kuisogeza karibu na 75, na ile gemu ya GB 50 ikashuka kutoka saa 9 hadi saa moja na nusu.

Funga gemu kwanza

Kuna hatua isiyogharimu hata senti. Mwaka 2017 mhandisi wa mitandao Juho Snellman alipima PS4 akaona kwamba gemu ikiwa wazi, hata ikiwa nyuma ya skrini bila kuchezwa, mashine hupunguza kiasi cha data inachokubali kabla ya kutoa jibu, na kwa baadhi ya gemu hadi kufikia KB 7. Fanya hesabu. Seva ikiwa milisekunde 20 kwenda na kurudi, KB 7 kwa kila mzunguko ni Mbps 2.8. Ikiwa milisekunde 100, ni Mbps 0.56. Hapo hata laini ya Gbps 1 haisaidii. Funga gemu kabisa.

Kukwama si uchache wa kasi

Kucheza mtandaoni hula data kidogo. Gemu inayotumia MB 100 kwa saa inahitaji wastani wa Mbps 0.22. Mchezaji anayekwama katikati ya mechi anasumbuliwa na muda wa safari. Mwanga ndani ya nyuzi husafiri kilomita 200,000 hivi kwa sekunde. Kebo ya chini ya bahari ya TEAMS kutoka Mombasa hadi Fujairah ina takribani kilomita 5,000, kwa hiyo kwenda na kurudi ni milisekunde 50 kabla ya kuongeza chochote. Seva ikiwa Ulaya, ongeza. Kebo za EASSy na SEACOM zilipokatika Mei 12, 2024, intaneti ilizorota Kenya, Tanzania na kwa majirani, na hakuna ruta ya nyumbani ambayo ingeponya hilo.

Lini kulipa zaidi ni halali

Kuna nyumba inayostahili kifurushi kikubwa. Tuseme una Mbps 15 na televisheni mbili zinaonyesha Netflix ya HD, Mbps 5 kila moja. PS4 inabakiwa na Mbps 5, na gemu ya GB 50 ni saa 22. Ukipanda hadi Mbps 30, inabakiwa na 20, na muda unashuka hadi saa 5 na nusu. Nyongeza hiyo ni Sh1,101 kwa mwezi, na ina maana kwa sababu laini yenyewe imejaa.

Kwa hiyo fuata mpangilio huu: funga gemu, pima mahali patatu, nunua waya. Ukishaunganisha waya na namba ya PS4 ikalingana na kifurushi chako, lakini bado muda hautoshi, hapo ndipo ongeza pesa. Kabla ya hapo, Sh26,388 za mwaka zina kazi nyingine nyumbani kwako.