Ndoo imefika wapi?

Swali lenyewe nililisikia kwa bahati. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la zahanati moja pembezoni mwa Dar es Salaam, nimempeleka mtoto wa dada yangu chanjo. Chumba cha pili mlango wake ulikuwa pazia tu. Sauti ya muuguzi ikauliza: "Jana ndoo imefika wapi, mama?" Pakawa kimya. Kisha mwanamke akajibu kwa sauti ya chini: "Gotini tu, sista."

Mtoto akachomwa sindano yake, tukarudi nyumbani, lakini jibu lile likabaki nami. Gotini tu. Wiki iliyofuata nikarudi peke yangu. Muuguzi, mkunga wa siku nyingi, alikubali kuzungumza nami mradi nisitaje jina lake wala la zahanati, kwa sababu wanawake wanaomjia hawajawaambia hata waume zao.

Alifungua droo, akatoa kaunta buku lililochakaa pembe. Kila mwanamke ana ukurasa wake, usio na jina, una namba tu. Mistari imepigwa kwa rula. Juu ya safu tatu za kwanza amechora kwa kalamu ya risasi mwanamke na ndoo yake: hapa ndoo iko gotini, hapa kiunoni, hapa kichwani. Tarehe zinashuka upande wa kushoto, na pale ndoo ilipoishia siku hiyo huwekwa alama ya vema. Siku za hedhi zina nukta nyekundu.

Kwa miaka mingi, anasema, aliuliza kama alivyofundishwa: maumivu ni kiasi gani, kuanzia sifuri mpaka kumi? Kila mmoja alijibu kuwa yanauma tu, au akataja tano, maana tano haimsumbui mtu. "Hawa hawajawahi kuombwa wayapime maumivu yao," aliniambia. "Lakini ndoo wanaijua tangu wakiwa wadogo."

Ndoo ya lita 20 ikijaa ina kilo 20 na ushee. Kuinyanyua hadi gotini ni kazi ya miguu na mgongo. Kuivusha goti ije kiunoni, sharti tumbo la chini likaze, na hapo ndipo wengi hukwama. Kuipandisha kichwani, sharti ubane pumzi. Alipoona naandika tu, mkunga alisimama, akavuta ndoo tupu iliyokuwa chini ya sinki, akainama na kuiinua mpaka juu kidogo ya magoti. Akaganda hapo, mgongo umepinda, ndoo inaning'inia katikati ya mapaja. Hakusema neno. Alinitazama mpaka nikaacha kuandika.

Madaktari huyaita maumivu ya nyonga kuwa sugu yakipita miezi 6. Watu wa Pwani wana neno lao, chango, na mara nyingi neno hilo hufunga mazungumzo kabla hayajaanza: chango ni la wanawake, vumilia. Kumbe nyuma yake yamejificha mengi: maambukizi ya zamani kwenye via vya uzazi, makovu ya upasuaji, kibofu, utumbo, misuli ya sakafu ya nyonga iliyokakamaa. Pia kuna endometriosisi, ambapo tishu inayofanana na utando wa ndani wa mji wa mimba huota nje yake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba inampata mwanamke 1 kati ya 10 wa umri wa kuzaa, kama milioni 190 duniani. Wengi huzunguka miaka mingi kabla ya kuambiwa jina la ugonjwa wao. Picha ya tumbo inaweza kutoka safi kabisa, na mwanamke akarudi kwake akidhani amejisingizia.

Kaunta buku halitaji ugonjwa. Mkunga alilirudia hilo mara mbili. Ila baada ya miezi mitatu, ukurasa ambao ndoo inashuka gotini kila nukta nyekundu zinapokaribia humwonyesha daktari njia moja, na ule ambao inashuka bila kufuata hedhi humwonyesha nyingine.

Yule wa gotini ni mama lishe. Zamani alipika ugali na maharage. Kusonga ugali wa watu arobaini ni kukaza tumbo lilelile, basi akauacha, akabaki na chai na chapati. Baadaye akanunua stuli ndefu akae anaposukuma. Siku mbaya hununua maji kwa kijana wa mkokoteni, na faida ya siku inaishia humo. Hapandi bodaboda kwa sababu ya matuta, hivyo hutoka nyumbani mapema zaidi. Mteja anayepita asubuhi anamkuta palepale, anatabasamu. Nani atajua kwamba kazi yake imekatwa nusu?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika miezi 36, za kwanza 63 kwa mshahara kamili, zinazobaki kwa nusu, akiwa na cheti cha daktari. Jirani zetu wa Zambia wamempa mwanamke aliyeajiriwa siku moja kila mwezi, bila cheti. Mama lishe hana mwajiri wa kumpelekea cheti, hata kama daktari angekuwa na jina la kuandika juu yake.

Nilipokuwa naaga nikaona safu ya nne, nyembamba, isiyo na mchoro. Juu yake pameandikwa: nani alibeba? Mkunga aliiongeza mwaka jana, alipojiuliza maji ya siku za gotini yanafikaje nyumbani. Nilipitisha kidole kwenye ukurasa wa mama lishe. Mkokoteni. Binti. Binti. Mkokoteni. Binti, binti, binti.

Nikamuuliza binti ana miaka mingapi.

"Kumi na mmoja," akasema. Alilifunga lile kaunta buku, mkono wake ukabaki juu ya jalada. "Hiyo safu bado sijajua niipeleke kwa nani."