Kumfunza Mtoto wa Mbwa Usafi kwa Kutumia Sanduku

Boma nyingi za Migori na Homa Bay hufuga mbwa wa ulinzi. Mtoto wa mbwa huletwa angali mdogo, na usiku huingizwa ndani, hasa maeneo yaliyo karibu na Mbuga ya Ruma ambako fisi huzunguka. Asubuhi sakafu ina mkojo, naye anapigwa. Kipigo hakimfunzi lolote ila kujificha nyuma ya kiti anapotaka kwenda haja.

Mbwa kwa kawaida hapendi kuchafua anapolala, na hapo ndipo sanduku linasaidia. Fundi wa mbao anaweza kulitengeneza kwa mabanzi, mradi misumari isichomoze na hewa ipite. Liwe na nafasi ya kusimama, kugeuka na kulala akijinyoosha, basi. Likiwa kubwa mno atalala pembe moja na kuichafua nyingine. Kama umelitengeneza kwa kipimo cha mbwa mzima, ligawe kwa ubao. Usitumie mabati. Jua la Mbita au Muhuru Bay si la kufungia mnyama ndani ya bati.

Siku za kwanza acha mlango wazi, umwekee chakula humo ndani mpaka aingie mwenyewe. Kisha funga kwa dakika chache, ukiongeza polepole. Sanduku lisiwe jela ya kumwadhibu.

Mtoe kila anapoamka, anapomaliza kula, baada ya kucheza na kabla ya kulala. Wa miezi miwili huhitaji kutoka karibu kila saa mbili mchana, na usiku mtu aamke angalau mara moja. Mpeleke mahali pale pale, tumia neno lile lile, na umsifu papo hapo akimaliza. Neno liwe la Dholuo, Kikuria au Kiswahili, lakini nyumba nzima itumie hilo moja. Akikojoa ndani, safisha kwa sabuni na siki ili harufu isimrudishe hapo. Kumfungia kutwa nzima huku watu wako shambani au sokoni ni kumlazimisha ajichafue, na mafunzo yote yanaharibika.

Kinyesi chake kisiachwe uani. Watoto wa mbwa wengi huzaliwa na minyoo kutoka kwa mama yao. Mayai ya minyoo hiyo yakikaa kwenye udongo wiki mbili hadi nne huwa hatari, na mtoto anayecheza hapo kisha kutia vidole mdomoni anaweza kuyameza. Minyoo ikifika kwenye jicho inaweza kudhuru uwezo wa kuona. Zoa kila siku, utupe chooni au uzike mbali na kisima. Mbwa apewe dawa ya minyoo kila wiki mbili tangu wiki ya pili hadi miezi mitatu, kwa kipimo cha daktari wa mifugo.

Akifika miezi mitatu apate chanjo ya kichaa cha mbwa, irudiwe kila mwaka. Mpango wa taifa ulioanza 2014 unalenga kumaliza vifo vya binadamu vitokanavyo na ugonjwa huu ifikapo 2030. Muulize afisa wa mifugo wa wadi yako chanjo inatolewa lini.

Mbwa mdogo pia anaweza kuambukiza. Akimng'ata mtu, oshea jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.