Bima ya shaba ya Lualaba: kampuni iwekwe wapi?

Mwishoni mwa Desemba 2023 treni ya majaribio yenye makinikia ya shaba ya mgodi wa Kamoa-Kakula ilitoka Kolwezi, mkoani Lualaba, na kufika bandari ya Lobito, Angola, kwa siku nane. Ilipita Dilolo, mpakani na Angola. Ng'ambo ya mpaka reli imejengwa upya na Wachina. Huku Kongo, kwa zaidi ya kilomita 400 kutoka Kolwezi hadi mpakani, reli ya SNCC, shirika la reli la taifa, ni kuukuu na mabehewa kuacha njia si jambo geni. Machi 2022 treni ya mizigo ya shirika hilo iliacha reli Buyofwe, Lubudi, ikaua watu wapatao 75, wengi wao wakiwa wamedandia.

Hatari ya namna hii kampuni za bima huitoza ghali au huikwepa. Ndiyo maana makundi makubwa ya madini huunda kampuni zao za bima: ada inabaki nyumbani, na hasara nzito inapelekwa kwenye bima mtawanyo, yaani bima ya kampuni za bima. Fred Reiss alianza biashara hiyo kwenye viwanda vya chuma vya Ohio miaka ya 1950, akaihamishia Bermuda mwaka 1962. Vermont ilitunga sheria yake 1981, Mauritius 2015.

Washauri huuza maeneo haya kwa hoja ya kodi. Hoja hiyo imepungua nguvu tangu nchi nyingi zikubali kima cha chini cha kodi cha asilimia 15 kwa makundi yenye mapato ya euro milioni 750 au zaidi, na wakubwa wa Kolwezi wamo humo.

Kinachobana zaidi kiko Kinshasa. Sheria ya Machi 2015, iliyovunja ukiritimba wa SONAS, kampuni ya bima ya serikali, inataka mali iliyo Kongo ikatiwe bima kwa kampuni yenye kibali cha mdhibiti, ARCA. Kwa hiyo kampuni ya kundi iliyoko ng'ambo haiwezi kuuandikia mgodi hati moja kwa moja. Kampuni ya Kinshasa ndiyo huandika, ikakata chake, kisha ikapeleka kilichobaki ng'ambo kama bima mtawanyo. Siku treni ikianguka karibu na Dilolo, fedha za fidia hurudi kwa njia hiyo hiyo ndefu.

Kwa kipimo cha wepesi wa kufuatilia fedha hizo, naiweka Mauritius mbele ya Bermuda. Saa zake zimeizidi Lualaba kwa mbili tu, ilhali Bermuda iko nyuma kwa tano au sita kutegemea majira, na watu wake husoma mikataba ya Kifaransa bila mkalimani. Kigali nayo inajinadi kuwa kituo cha fedha, ila kwa uhusiano wake mbaya wa sasa na Kinshasa, sijui bodi gani ya mgodi wa Kongo itathubutu kupiga kura hiyo.

Meneja wa bima, kabla hujakata tiketi ya Port Louis, nenda Kinshasa. Dai mkataba utaje fidia italipwa ndani ya siku ngapi, na kama kampuni ya hapo ikikwama, fedha zije mgodini moja kwa moja.