Kabla ya kisu, taja jina lako

Siku ya kupasuliwa imefika. Umevalishwa gauni lililo wazi mgongoni, hujala tangu jana usiku, na muuguzi anakuuliza jina. Baadaye anakuja mwingine, anakuuliza jina lilo hilo. Kisha wa tatu. Unaanza kukasirika: kwani hawa watu hawasomi faili?

Tulia. Wajibu tu, wote watatu.

Si wakumbuka mapema 2018? Wakenya tulipata habari kuwa katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, mgonjwa asiye yeye amefunguliwa kichwa. Wanaume wawili walikuwa wodini: mmoja alihitaji kutolewa damu iliyoganda kwenye ubongo, mwenzake alikuwa na uvimbe tu usiohitaji kisu. Vitambulisho vikachanganywa. Madaktari walishtukia saa kadhaa baadaye, wakitafuta damu ambayo haikuwepo.

Mitandaoni tulitukana weee, kisha tukasahau. Lakini kosa la lebo linaweza kufanywa na yeyote aliyechoka. Balaa ni pale linapopita mikononi mwa watu wote hao na hakuna anayesema, hebu ngojeni kwanza.

Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeshalifanyia kazi jambo hili. Kati ya 2007 na 2008, watafiti pamoja na daktari mpasuaji Atul Gawande wa Marekani walijaribu orodha ya mambo 19 katika hospitali za miji minane. London ilikuwemo, na jirani zetu wa Ifakara, Tanzania, walikuwemo pia. Maswali yenyewe ni ya kawaida mno. Huyu ni nani? Tunapasua wapi? Ana aleji? Kila mmoja chumbani anataja jina na kazi yake. Kabla mgonjwa hajatolewa, vifaa na vitambaa vinahesabiwa, kisibaki kitu tumboni.

Matokeo yalichapishwa Januari 2009, kutokana na wagonjwa zaidi ya 7,600. Vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo makubwa baada ya upasuaji kutoka 11 hadi 7. Bila mashine mpya.

Ila si uchawi. Huko Ontario, Kanada, hospitali 101 zilianza kutumia orodha kama hiyo, na utafiti wa 2014 haukuona vifo vikipungua kwa kiasi cha maana. Mimi naona ni rahisi sana kutia alama kwenye karatasi bila kufungua mdomo.

Sasa wewe. Ukimpeleka mathe hospitali, taja jina lake kamili, dawa anazomeza na zile zinazomdhuru, hata kama hujaulizwa. Akija mtu na sindano, uliza: hii ni dawa gani, na ni ya nani? Mkataba wa Haki za Wagonjwa wa 2013 unakupa haki ya kuelezwa. Akinuna, rudia swali.