MWALIMU WA SAYANSI WA SEKONDARI: VYETI GANI VINATAKIWA HAPA UGANDA?



Katika shule nyingi wanakosoma watoto wetu, mwalimu wa historia hupatikana upesi kuliko mwalimu wa fizikia. Somo likikosa mwalimu, wanafunzi hulikimbia. Wakilikimbia, hakuna atakayerudi kulifundisha. Ndivyo upungufu unavyojizaa wenyewe, mwaka hata mwaka.

Vijana wengi wa kambini wana akili na nia ya kuziba pengo hilo. Linalowakwamisha mara nyingi si akili. Ni kuchagua masomo bila kujua yanaelekea wapi, au kufika mlango wa chuo kikuu na karatasi pungufu. Wengi hudhani safari ya shahada huanza siku ya kuingia chuo. Hapana. Huanza mwisho wa S.4, na kwa aliyesoma Congo au Burundi huanza siku anapotoa cheti chake kwenye sanduku. Tafadhali soma maelezo haya kwa utulivu, nawe mzazi usomewe.

1. NI SHAHADA GANI?

Inayotakiwa ni Shahada ya Sayansi na Ualimu. Husomwa kwa miaka 3. Hutolewa na vyuo vikuu vya serikali kama Makerere, Kyambogo, Mbarara na Muni, na pia na baadhi ya vyuo vya binafsi.

Zamani mtu aliweza kusoma stashahada ya ualimu kwa miaka 2 akafundisha madarasa ya chini ya sekondari. Walimu wa namna hiyo bado wapo mashuleni. Lakini Sera ya Taifa ya Walimu ya mwaka 2019 iliamua kwamba kila mwalimu, kuanzia shule ya awali hadi sekondari, awe na shahada. Kwa hiyo anayeanza safari leo aelekeze macho kwenye shahada.

Angalia jambo moja. Shahada ya Sayansi peke yake, bila ualimu, haikufanyi mwalimu. Mwenye shahada hiyo hulazimika kuongeza stashahada ya uzamili ya elimu, ambayo kwa kawaida ni mwaka mmoja zaidi, na karo yake juu. Ukijaza fomu, soma jina la kozi mpaka neno la mwisho.

2. MASOMO MAWILI

Mwalimu wa sekondari huandaliwa kufundisha masomo mawili. Kwa sayansi, hayo huwa ni mawili kati ya fizikia, kemia, baiolojia na hisabati. Wapo wanaochukua fizikia na hisabati, wengine kemia na baiolojia. Chuo hakikupi masomo usiyoyajua. Hukuchukua na yale uliyofaulu.

Ili uingie kwa njia ya kawaida unatakiwa kuwa na:

(a) Cheti cha S.4, yaani UCE, ukiwa umefaulu masomo yasiyopungua 5.

(b) Cheti cha S.6, yaani UACE, ukiwa umefaulu masomo makuu yasiyopungua 2, na yote katika mtihani wa mwaka mmoja. Somo kuu linahesabiwa kuwa limefaulu ukipata A, B, C, D au E. Alama ya O iko chini ya hapo, haitoshi.

Masomo makuu mawili uliyofaulu yawe ndiyo yale unayotaka kufundisha. Hapo ndipo wengi wanapoumia. Tuchukue mfano wa vijana wawili waliomaliza S.4 pamoja, wote wakiwa wazuri katika kemia. Wa kwanza anachukua S.5 mchepuo wa fizikia, kemia na baiolojia. Wa pili anaona maabara ya shule ni hafifu, anachukua historia, uchumi na jiografia, akisema atarudi kwenye sayansi akifika chuo. Baada ya miaka miwili wa pili anaweza kuwa na alama za juu kuliko mwenzake, lakini mlango wa ualimu wa sayansi haumfungukii. Atarudi S.5 kuanza upya au atachukua kazi nyingine.

Kumbuka pia kwamba kufikia kiwango cha chini si kupata nafasi. Waombaji wakiwa wengi, chuo huchukua wenye pointi nyingi. Mwaka 1990 Makerere ilianza kuwaongezea wasichana pointi 1.5 wakati wa kuchagua wanafunzi. Kwa hiyo, mzazi, usimwambie binti yako kwamba fizikia ni ya wavulana.

3. WEWE ULIYESOMA CONGO

Hapa kuna neno linalopotosha watu: "diploma". Kwetu Congo, diploma ya Serikali, ile inayoitwa Diplôme d'État, ni cheti cha kumaliza sekondari. Hapa Uganda ukisema "diploma", mtu anaelewa masomo ya miaka miwili baada ya sekondari. Ukiandika kwenye fomu kwamba una diploma bila kueleza, unaweza kuwekwa katika kundi lisilo lako, na fomu ikakataliwa.

Vivyo hivyo kwa walimu. Aliyekuwa akiitwa D6 kule alikuwa na diploma ya sekondari ya pedagojia na alifundisha shule ya msingi. G3 alikuwa amemaliza miaka mitatu ya chuo, na L2 alikuwa na licence. Herufi hizi hazisomeki katika ofisi za Uganda mpaka zilinganishwe.

Usijilinganishie mwenyewe, wala usimlipe mtu wa barabarani akulinganishie. Kazi hiyo ina ofisi zake:

- Vyeti vya sekondari hulinganishwa na UNEB, yaani Baraza la Taifa la Mitihani. Makao yake ni Ntinda, Kampala.
- Vyeti vya chuo hulinganishwa na NCHE, yaani Baraza la Taifa la Elimu ya Juu. Liko Kyambogo, Kampala.

Karatasi iliyoandikwa kwa Kifaransa hutakiwa iambatane na tafsiri ya Kiingereza iliyothibitishwa. Kama diploma yenyewe haijatoka au ilipotea katika vita, usitupe zile nyingine: bulteni za shule, cheti cha kufaulu cha muda, karatasi ya alama. Mara nyingine hizo ndizo zinazosaidia kufuatilia rekodi. Zipige picha, na mpe ndugu unayemwamini nakala moja.

Halafu kuna lugha. Kanuni ya Ohm ni ileile Goma na Mbarara, lakini mtihani wa huku utakuuliza kwa Kiingereza na utajibu kwa Kiingereza. Aliyesoma kwa Kifaransa atumie miezi ya kungoja vyeti kujifunza maneno ya sayansi kwa Kiingereza, sura baada ya sura, kwa kitabu cha S.3 au S.4. Asione haya kukaa na kitabu cha mdogo wake.

4. JINA LAKO NI MOJA?

Mtu wa Congo ana majina matatu: la ukoo, la kati na la ubatizo. Huku hutumia mawili. Hivyo diploma inasema moja, kadi ya mkimbizi inasema jingine, na fomu ya chuo inasema la tatu. Chuo hakiwezi kujua kwamba hao wote ni wewe.

Weka karatasi zako zote mezani leo na ulinganishe kila herufi na kila tarehe ya kuzaliwa. Ukiona tofauti, ishughulikie mapema: kosa la kadi lipeleke katika ofisi ya usajili ya OPM, na tofauti ya vyeti itengenezewe hati ya kiapo mbele ya mwanasheria. Usingoje wiki ya mwisho ya maombi.

5. UMRI UMEKUPITA?

Kwa mwenye miaka 25 au zaidi kuna mtihani maalumu wa watu wazima wa kuingia chuo kikuu. Makerere ni miongoni mwa vyuo vinavyoutoa. Hupima uwezo wa kufikiri pamoja na ujuzi wa fani unayoomba, kwa hiyo anayetaka sayansi hawezi kuufanya bila kujiandaa.

Kama unataka kurudia S.6 kama mtahiniwa wa binafsi, kumbuka kwamba fizikia, kemia na baiolojia zina mtihani wa vitendo. Chagua kituo chenye maabara, na uhakikishe utaruhusiwa kufanya mazoezi humo kabla ya mtihani.

6. UTASOMA NINI HUKO?

Utasoma masomo yako mawili kwa kina, pamoja na kazi za maabara. Sambamba na hayo utasoma saikolojia ya elimu, mitaala, mbinu za kufundisha na jinsi ya kutunga na kusahihisha mitihani. Kisha utapelekwa kufanya mazoezi ya kufundisha katika shule. Huko utaandaa somo, utasimama mbele ya darasa, na mkaguzi kutoka chuoni atakaa nyuma akiandika. Sehemu hii si ya hiari. Asiyeipita hapati shahada, hata kama alama zake za darasani ni nzuri.

7. FEDHA

Karo ni mzigo mkubwa, tusifichane. Msaada unaojulikana zaidi kwa wakimbizi ni DAFI, ulioanza mwaka 1992 kwa fedha za Ujerumani na husimamiwa na UNHCR. Nafasi ni chache na waombaji ni wengi. Hutangazwa kwa muda mfupi, na asiye na vyeti tayari hupitwa.

ANGALIA: Fomu za msaada wa masomo haziuzwi. Huduma za UNHCR na za mashirika wenza ni bure. Mtu akikuomba pesa ili jina lako liingie kwenye orodha, huyo ni mwizi. Toa taarifa.

8. BAADA YA SHAHADA

Ukimaliza, unatakiwa kusajiliwa rasmi kama mwalimu. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi nchini Uganda. Mwaka 2022 serikali ilipandisha mshahara wa mwalimu wa sayansi mwenye shahada hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi. Lakini usijidanganye: huo ni mshahara wa walioajiriwa na serikali. Shule za binafsi na za mashirika hupanga wenyewe, na mara nyingi ni kidogo kuliko huo.

Hata hivyo shahada ni mali isiyobebwa kichwani wala kuporwa njiani. Ukirudi nyumbani siku moja, au ukihamia nchi nyingine, fizikia na hisabati zitakuwa na wanafunzi huko pia.

KWA UFUPI, FANYA HAYA

1. Uko S.4: amua masomo mawili ya sayansi kabla ya kuchagua mchepuo wa S.5.
2. Uko S.6: lenga kufaulu masomo hayo mawili katika mtihani mmoja.
3. Umesoma nje ya Uganda: tafsiri vyeti na uvipeleke UNEB au NCHE.
4. Wote: linganisheni majina na tarehe katika kila karatasi.
5. Kabla ya kulipa chochote, muulize afisa elimu wa shirika kambini kwako.

Ukimaliza kusoma karatasi hii usiifungie sabuni. Mpe jirani mwenye mtoto wa S.4.