Deraya ya Askari wa Sinema Yaundwa Nyumbani

Mnamo mwezi wa Aprili mwaka 1978, Mwingereza aitwaye John Mollo alipanda jukwaani mjini Los Angeles kupokea tuzo ya Oscar ya ubunifu wa mavazi, kwa kazi aliyoifanya katika filamu ya Star Wars iliyotoka mwaka uliotangulia. Aliyetarajia kumsikia akisifu hariri na darizi hakuyapata hayo. Mollo alisema kwamba mavazi yale, kwa kweli, yalikaribia zaidi kazi ya fundi bomba na ya fundi magari kuliko ya mshonaji. Naye alijua alisemalo, kwani hakuwa mtu wa mitindo bali mtaalamu wa historia ya sare za kijeshi, mwandishi wa vitabu juu ya sare hizo, ambaye watengenezaji wa filamu za vita walikuwa wakimwita awape ushauri.

Yule mbabe mweusi wa filamu hiyo, Darth Vader, alipata umbo lake la kwanza katika duka la kukodisha mavazi ya maigizo huko London. Mollo alipita idara moja baada ya nyingine akikusanya: suti ya mpanda pikipiki, helmeti ya Kijerumani ya wakati wa vita, kinyago cha kuzuia gesi, na joho la mtawa wa zama za kale. Vitu vinne vya kawaida vikawekwa juu ya mwili mmoja, na watoto wa dunia nzima wakaogopa.

Tunalitaja jambo hili mwanzo kwa sababu wengi waliowaona wale askari weupe wa filamu hiyo hudhani kwamba deraya zao zilitoka katika kiwanda kikubwa chenye mitambo ya ajabu. La hasha. Zilikuwa bamba za plastiki nyeupe, zilizopashwa moto mpaka zikalegea, zikafyonzwa hewa kwa chini ili zishike umbo la kalibu, kisha zikakatwa kingo na kufungwa kwa mikanda na lastiki juu ya nguo nyeusi iliyobana mwili. Baadhi ya picha zilipigwa mwaka 1976 katika jangwa la Tunisia, na haikuwa rahisi kuona kitu ndani ya kofia zile. Anayeitazama filamu kwa makini atamwona askari mmoja akijigonga kichwa kwenye kizingiti cha mlango, na kipande hicho hakikuondolewa.

Basi, ikiwa kazi yenyewe ilikuwa hivyo, familia inayoishi katika nyumba za askari inaweza nayo kuunda deraya ya namna hiyo, kwa ajili ya mchezo wa shule, sherehe ya watoto, au mashindano ya mavazi ambayo vijana wa leo huyaita kosplei. Jina hilo limetoka Japani, ambako katika miaka ya 1980 waandishi waliunganisha maneno mawili ya Kiingereza, lile la vazi na lile la mchezo. Mchezo wenyewe una umri mkubwa kuliko jina. Mwaka 1939, katika mkutano wa kwanza wa dunia wa wapenzi wa hadithi za kisayansi uliofanyika New York, kijana Forrest J Ackerman na mwenzake Myrtle R. Douglas waliingia wamevaa mavazi ya watu wa karne zijazo. Yote mawili yalishonwa na yule binti.

Tuanze kazi. Nyenzo kuu ni sponji ngumu, ile inayofanana na nyayo za kandambili, ambayo huuzwa kama mikeka ya vipande vya kuchezea watoto. Kwa kifua na mgongo tafuta yenye unene wa milimita 10. Kwa mikono na miguu milimita 5 au 6 zatosha. Sponji laini ya magodoro haifai hata kidogo, nayo ikishika moto huwaka upesi na kutoa moshi mbaya sana.

Kabla ya kuigusa sponji, hapana budi kupata kipimo, na hapa ndipo wengi huharibu. Hushika futi, wakapima upana wa kifua, wakachora pembe nne kwenye mkeka na kukata. Mwili wa binadamu si sanduku. Njia iliyo bora ni hii: avae fulana ya zamani yule atakayelivaa vazi, umzungushie nailoni nyembamba ya kufungia chakula kifuani na mgongoni, kisha ubandike juu yake utepe wa gundi wa karatasi, safu mbili, mpaka ziwe kama ganda. Usikaze, maana anapaswa kupumua. Chora juu ya ganda hilo mistari ya bamba unazozitaka: wapi kifua kinaishia, wapi tumbo linaanzia, wapi bega linapinda. Weka alama ndogo zinazovuka kila mstari ili baadaye ujue kipande kipi kinakutana na kipi. Ndipo ukate ganda kwa mkasi butu ubavuni, ulivue, ulikate kufuata mistari, na kulilaza juu ya meza.

Ganda likigoma kulala tambarare, kama lifanyavyo sehemu za bega na kifua, lichanje kidogo pembeni mpaka lilale. Chanjo hizo zitakuonyesha umbo. Fundi cherehani atazitambua mara moja, kwa kuwa ndizo pensi zile zile anazoweka kwenye blauzi. Hamisha michoro kwenye katoni, ukate, uunge kwa utepe, umvishe. Mwambie apige hatua, ainue mikono, achuchumae. Mahali panapomchoma au kumzuia, punguza. Katoni ni ya bure na sponji imenunuliwa, kwa hiyo makosa yote yafanyike kwenye katoni.

Sponji hukatwa kwa kisu chembamba chenye makali mapya, kikisimama wima, kwa mkato mmoja mrefu. Makali yakianza kuchoka utaona kingo zinararuka kama mkate. Noa au badilisha. Kisha ipashe kila bamba kwa kifaa cha kupuliza hewa moto, ukikipitisha huku na huku bila kutua mahali pamoja. Uso wake utabadilika, ung'ae kidogo na vitundu vijifunge. Hapo ikunje juu ya sufuria au juu ya goti lililofunikwa kitambaa kinene, uishike mpaka ipoe, nayo itabaki na umbo ulilolipa. Wengine, kwa kukosa kifaa, huishikilia sponji juu ya jiko la mkaa. Hilo tunalikataza. Moto haupimiki, sponji huungua upande mmoja, na moshi wake si wa kuvutwa na mtoto wala mtu mzima.

Gundi ya viatu ndiyo iungayo. Ipake nyembamba pande zote mbili, kisha usubiri dakika kama 10, mpaka ukigusa kwa kidole isinate. Watu wengi hukosa subira hapa, wakaunganisha ingali mbichi, na asubuhi wakakuta vazi limefunguka. Pande hizo mbili zikishagusana hazisogei tena, kwa hiyo anza katikati, fuata zile alama ulizoweka, uelekee mwisho. Kazi hii ifanyike nje, au chumbani madirisha yakiwa wazi, mbali na jiko, taa ya mafuta na sigara, maana mvuke wa gundi hiyo hulevya na hushika moto. Katika nyumba ya chumba kimoja ambamo jiko na kitanda vinatazamana, gundi isifunguliwe kamwe chakula kikiwa motoni. Vilevile, unaposugua kingo kwa msasa, funika pua na mdomo, kwani vumbi la sponji ni jepesi na huingia kifuani.

Bamba zikiungwa, zipake gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji kidogo, mara nne au tano, kila mara ikikauka. Bila tabaka hiyo sponji hunywa rangi kama mchanga unavyokunywa maji, nawe utamaliza makopo bila kuuona weupe. Baada ya hapo paka rangi nyeupe isiyo ngumu, itakayopinda pamoja na sponji bila kupasuka. Mistari myeusi ya tumboni na magotini ichorwe mwisho kwa brashi ndogo.

Kofia ina njia yake. Puliza puto lenye ukubwa unaozidi kichwa kidogo, ulibandike vipande vya gazeti vilivyolowekwa katika uji wa unga wa ngano, tabaka sita au saba, ukiacha kila tabaka mbili zikauke. (Gazeti hili latosha kwa kazi hiyo, mradi msomaji awe amelimaliza.) Likikauka, pasua puto, kata nafasi ya shingo na macho, kisha ujenge taya na mashavu kwa katoni na sponji. Macho huwekewa plastiki nyeusi inayopitisha mwanga. Toboa matundu chini ya mdomo na nyuma ya masikio, mengi kuliko unavyodhani yatosha. Mvaaji hupumua hewa yake mwenyewe mle ndani, na katika jua letu deraya nzima huwa tanuri. Asikae nayo zaidi ya nusu saa bila kuvua kofia na kunywa maji, na wakati wote awe na mwenzake asiyevaa kitu, wa kumshika mkono kwenye ngazi.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo lingeweza kuileta familia ya askari mbele ya mkubwa wa kituo. Silaha waliyoshika askari weupe katika filamu iliundwa juu ya bunduki halisi, Sterling, ambayo jeshi la Uingereza liliichukua katika miaka ya 1950 na ambayo ilienea katika nchi nyingi zilizotawaliwa na Waingereza. Kwa hiyo kijana anayeichonga vizuri kwa mbao na kuipaka rangi nyeusi atakuwa amechonga, bila kukusudia, kitu ambacho polisi wa doria saa mbili usiku atakiona kuwa bunduki. Askari huyo hana nafasi ya kuuliza filamu ilitoka mwaka gani. Ikibidi silaha iwepo, ifanywe fupi, nene, ipakwe rangi ya machungwa au manjano, na isafirishwe ndani ya mfuko mpaka ukumbini. Sisi tungependelea iachwe kabisa. Deraya inatambulika bila hiyo.

Na sare ya baba isiguswe. Watoto hujaribiwa, kwa sababu mkanda u ukutani, buti zi mlangoni, na helmeti i juu ya kabati, vyote vya kweli na vizuri kuliko katoni. Lakini sheria za nchi zetu zinamkataza raia kuvaa sare za majeshi bila idhini, na kifaa cha serikali kikipotea shuleni ni baba atakayeandika maelezo. Hata kitambaa cha mabaka kilichonunuliwa sokoni kisitumiwe. Bahati nzuri ni kwamba deraya hii ni nyeupe tupu, wala hakuna jeshi la hapa linaloivaa. Buti za mvua za zamani zilizopakwa rangi nyeupe zitafaa miguuni.

Kuna watu ambao hawakuichukulia deraya hii kuwa mchezo wa siku moja. Mwaka 1997, katika jimbo la South Carolina huko Marekani, Albin Johnson, mtu aliyepoteza mguu baada ya ajali ya gari, alianzisha pamoja na rafiki yake kikosi cha hiari cha watu waliojiundia deraya nyeupe, kiitwacho 501st Legion. Leo kina wanachama zaidi ya 10,000 katika nchi nyingi. Huwatembelea watoto waliolazwa hospitalini na kusaidia michango ya hisani, na hawalipwi. Mwaka 2005 binti wa Johnson mwenyewe alikuwa anaugua uvimbe wa ubongo. Alitamani roboti mdogo kama yule wa filamu akae kando ya kitanda chake usiku. Mafundi wa majumbani walimuundia, wakampaka rangi ya waridi kwa kuwa alikuwa msichana, na aliletwa kwake kabla binti huyo hajafariki, mwezi wa Agosti mwaka huo huo.

Deraya ikishakamilika, ihifadhiwe chini ya kitanda, katika boksi, imejazwa magazeti ili isibonyee. Usiiweke juu ya dari chini ya mabati, wala ndani ya gari lililosimama juani. Gundi ya viatu hulegea kwa joto, na viungo vya mabega, vinavyobeba uzito wote, ndivyo huachia kwanza. Mabega hayo yashonewe pia uzi mnene wa fundi viatu tangu mwanzo, kwa upande wa ndani ambako haonekani mtu wa kuuliza.