Florence Lawrence: Nyota aliyefufuliwa na tangazo, akazikwa bila jiwe la kaburi

Na Mwandishi Wetu

MACHI 1910 wasomaji wa jarida la Moving Picture World la Marekani walikutana na tangazo lisilo la kawaida. Kampuni ya sinema ya IMP ilikuwa ikikanusha kwa ukali uvumi kwamba mwigizaji wake mmoja alikuwa amekufa kwa kugongwa na tramu. Tangazo lilisema kuwa mwigizaji huyo yu hai, ni mzima wa afya, na filamu zake mpya ziko njiani.

Mwigizaji huyo aliitwa Florence Lawrence. Watazamaji wengi walikuwa wageni wa jina hilo, ingawa sura yake walikuwa wamekwisha kuizoea.

Kwa msomaji wa leo hilo ni fumbo. Inawezekanaje mtu apendwe na maelfu wasiomjua jina?

Jibu limo katika biashara yenyewe. Wakati huo filamu hazikuwa na sauti, nyingi zilikwisha katika muda wa robo saa hivi, na kiingilio katika kumbi nyingi kilikuwa senti 5. Majina ya waigizaji hayakuandikwa popote. Wenye kampuni walijua kuwa mwigizaji akishajulikana ataomba nyongeza ya mshahara. Nao baadhi ya waigizaji waliotoka katika tamthilia za jukwaani waliona haya kujulikana kuwa wanatafuta riziki katika sinema, hivyo hawakulalamika.

Lawrence alizaliwa mwaka 1886 katika mji wa Hamilton, Ontario, nchini Kanada, kwa jina la Florence Annie Bridgwood. Mama yake, Lotta Lawrence, alikuwa mwigizaji wa jukwaani, na binti akapandishwa jukwaani angali mtoto mdogo. Aliingia katika sinema kupitia kampuni ya Edison, katika filamu ya Daniel Boone ya mwaka 1907, uhodari wake wa kupanda farasi ukiwa umemsaidia kupata nafasi hiyo. Kutoka hapo alikwenda Vitagraph, na mwaka 1908 akajiunga na Biograph chini ya mwongozaji D. W. Griffith, kwa mshahara wa dola 25 kwa wiki.

Biograph ndiko nyota yake ilikong'ara. Alionekana katika filamu nyingi mno, wiki baada ya wiki, na barua zikaanza kumiminika zikiuliza binti yule ni nani. Kampuni ilikaa kimya. Watazamaji, kwa kukosa jina, wakambatiza "Msichana wa Biograph", na kwa namna hiyo jina la mwajiri likawa ndilo jina lake.

Mwaka 1909 yeye na mumewe, Harry Solter, waliandikia kampuni nyingine kuulizia kazi. Habari hizo zilifikishwa kwa Biograph, nao wakafukuzwa.

Hapo ndipo anapoingia Carl Laemmle, mzaliwa wa Ujerumani na mmiliki wa IMP, ambaye baadaye alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Universal. Laemmle alikuwa katika vita na muungano wa kampuni kubwa ulioongozwa na Edison, ambao Biograph ilikuwa mwanachama wake. Aliona kile ambacho wenzake walikiogopa: jina la mwigizaji lingeweza kuuza filamu kuliko jina la kampuni.

Wanahistoria wengi wa sinema wanaamini kuwa uvumi wa kifo ulibuniwa na Laemmle mwenyewe ili apate cha kukanusha. Ni ujanja ambao sisi wa magazeti hatuna budi kuutambua. Lawrence alipelekwa mji wa St. Louis pamoja na mwigizaji mwenzake, King Baggot, ili watu wajionee kwamba yu hai, na umati mkubwa ulijitokeza kuwalaki.

Wapo wanaobisha kwamba hakuwa nyota wa kwanza, wakimtaja Mfaransa Max Linder. Lakini katika Marekani ni vigumu kupata mfano ulio wazi zaidi wa mtu aliyegeuzwa bidhaa kwa jina lake.

Mwaka 1912 yeye na Solter walianzisha kampuni yao, Victor. Aidha, Lawrence alipenda magari, na mwaka 1914 alibuni kibendera cha kuonyesha upande gari linakokwenda, pamoja na kibao kilichojitokeza nyuma dereva alipokanyaga breki. Hakuvisajili vifaa hivyo kisheria, na wengine walioendeleza mawazo ya aina hiyo ndio waliofaidi.

Msiba ulimfika wakati wa kupiga filamu ya Pawns of Destiny. Moto uliowashwa kwa ajili ya igizo ulishindikana kuzuiwa. Lawrence aliungua, akaanguka na kuumia vibaya mgongo. Inaelezwa kuwa Universal ilikataa kulipia matibabu yake. Alijaribu kurejea mwaka 1916, lakini afya haikuruhusu.

Mwaka huohuo Mary Pickford, aliyeanza Biograph mwaka 1909, alitia saini mkataba wa dola 10,000 kwa wiki. Mlango ulikuwa umefunguliwa kwa jina la Lawrence, wakapita wengine.

Wengi hudhani kwamba sauti ndiyo iliyowaangusha nyota wote wa sinema bubu. Kwa Lawrence haikuwa hivyo. Sauti ilipoingia kwa kishindo mwaka 1927, yeye alikuwa amekwisha sahaulika. Solter alifariki mwaka 1920, ndoa mbili zilizofuata zilivunjika, na mporomoko wa uchumi wa mwaka 1929 haukumwacha salama. Mwaka 1936 kampuni ya MGM iliwapa waigizaji wa zamani nafasi ndogo ndogo kwa dola 75 kwa wiki, naye akawa mmoja wao, akipita nyuma ya watu ambao huenda hawakujua ni nani.

Akiwa anaugua ugonjwa wa uboho usiokuwa na tiba, alijitoa uhai Desemba 28, 1938, akiwa na umri wa miaka 52. Alizikwa katika makaburi ya Hollywood, mahali pasipo na alama yoyote.

Jiwe liliwekwa mwaka 1991 kwa gharama za mwigizaji Roddy McDowall, aliyeomba jina lake lisitajwe. Limeandikwa kuwa hapo amelala nyota wa kwanza wa sinema, Msichana wa Biograph. Mwaka wa kuzaliwa uliochongwa ni 1890, miaka minne baada ya ule aliozaliwa.